Jirani ya Mshono

Tela huishi miaka mingapi?
Aliyeniuliza alikuwa mnunuzi, viatu vyeupe,
vumbi la Vingunguti lilikuwa bado halijamzoea.
Nikamwambia: inategemea nani anashika bomba la grisi,
na kama nyumbani ameacha mtoto mgonjwa.

Daftari ninalo. Kurasa zimenata mafuta,
vidole vya fundi Chande vimetangulia kalamu yangu.
Machi: bushi mbili, springi jani la tatu limekatika.
Mei: lining zote nane. Kitonga imezitafuna,
Mwakalukwa karudi ananuka breki hadi kwenye kofia.
Agosti: hakuna.
Hiyo "hakuna" ndiyo iliyotugharimu.
Tajiri alisema mzigo kwanza, grisi baadaye;
beringi ya gurudumu la kushoto haikusikia Kiswahili hicho,
ikaungulia Mlandizi saa nane usiku.

Vichwa vitatu vimelikokota tela hili.
Viwili vya kwanza vimeshauzwa spea,
lenyewe likabaki, miguu chini, likingoja shingo nyingine.
Limebeba transfoma, katapila, mtambo wa kusaga kokoto,
na siku moja, kwa kuwa lilikuwa linarudi tupu,
vitanda na kabati la bibi harusi wa Mbagala,
mzigo ambao mgongo wake haukuusikia.

Chande halitazami. Analisikiliza.
Anagonga chasisi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua,
kama mtu anayechagua nazi gengeni:
ngo, ngo, ngo,
kisha pale karibu na pini, ngwa.
Anasimama. Anawasha sigara, anaizima.

"Ufa," anasema.
"Nimechomelea hapa mara nne. Mshono wangu haujafunguka."
Anapitisha ukucha. "Ona.
Chuma hakikatiki penye mshono.
Hukatika jirani yake,
pale moto ulipopita bila kuacha kitu."

Mnunuzi akauliza bei ya rangi mpya.
Tajiri akamtazama Chande. Chande akaitazama nyundo.
Mimi nikasikia malori ya Barabara ya Nyerere
yakibadili gia, moja baada ya jingine,
na nikajua kati ya moja na jingine
kuna mtu anavuka na beseni la maandazi.

Nikafungua ukurasa wa mwisho.
Sehemu ya maelezo ni finyu, vidole viwili tu.
Nikaandika: lisibebe tena.
Nikapiga mhuri, ukatoka nusu, wino umekauka.

Kesho saa tatu mitungi ya kukatia inakuja.
Na jioni hii, geti limeshafungwa,
nimemkuta Chande chali chini ya tela na bomba lake.
Nimemuuliza anapoteza grisi ya nini. Hakunijibu.
Vile vichuchu vya kupitishia grisi, mafundi wetu huviita nipo.
Alikuwa anavijaza kimoja kimoja,
ekseli kwa ekseli, bila kuruka:
nipo, nipo, nipo,

nipo.