Kontena Namba Kumi na Nne

Padri Husik anainama ili aingie.
Kila mtu huinama hapa.
Kontena halikuundwa kuwa nyumba;
lililetwa na treni mwaka ule ardhi ilipojikung'uta
kama mbwa aliyetoka mtoni
na Gyumri nzima ikalala kifudifudi.
"Miaka miwili tu," walituambia.
Gurgen wangu akachora kumi na nne mlangoni kwa rangi ya buluu.
Rangi imebanduka. Gurgen amezikwa. Kontena lipo.

Leo ni Januari, sikukuu yetu ya Kuzaliwa.
Maji ya ndoo yamelala jiwe.
Nimeandaa mezani mkate, chumvi,
na bakuli la theluji niliyoiyeyusha kwenye jiko
ambalo nalilisha vibao vya kreti
na (nisamehewe) kiatu kimoja cha mwanangu Mher,
aliyekwenda Krasnodar kujenga nyumba za watu
na hupiga simu kila Pasaka.

"Kristo amezaliwa na kudhihirishwa," asema padri.
"Habari njema kuu kwetu na kwenu," najibu,
na mvuke wa maneno yetu unakutana katikati ya chumba,
unapanda, unagusa bati la dari, unakuwa tone.
Tone linadondoka kwenye chumvi.

Nimewaona wengi waliokuja.
Alikuja bwana wa kamati na futi ya kupimia:
mita sita kwa mbili na nusu, akaandika, akakataa chai.
Alikuja mwanamke mwenye kamera, akalia kwa dhati,
kisha akaniomba nisogee karibu na ufa
ili mwanga unipate vizuri.
Walikuja wenye mablanketi. Mungu awabariki,
moja bado ninalo.
Wote walikuwa na gari nje, injini inanguruma.

Ndiyo maana habari hii hunisimamisha, sindano mkononi:
kwamba Yeye hakuacha injini ikinguruma.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
naye alikuja hana hata nguo,
akanyonya, akaota meno, akashika randa,
viganja vikafanya sugu.
Akajua bei ya unga.
Akajua mlango upi mtaani huazima chumvi
na upi hujifanya hauna mtu.

Mimi ni mshonaji. Najua nguo ya kujaribu:
unaivaa mbele ya kioo, inakubana, unairudisha.
Mwili hakuuvaa hivyo.
Alijishonea humo, fundo kwa ndani,
wala hakuacha kifungo;
siku ya kutoka, ilibidi achanike.

Simuulizi Husik kwa nini ardhi ilijikung'uta.
Nilimuuliza padri aliyemtangulia,
akanijibu vizuri mno.
Huyu hajui. Huketi kwenye kigoda cha Gurgen,
hunywa chai yangu hadi majani,
na goti lake hugonga meza kwa baridi kama langu.

Halafu, kupitia bati, sauti.
Kumi na tano. Nazeli kajifungua juzi,
mtoto wa kike, mdogo kama mkate,
wamemlaza kwenye boksi la televisheni
kwa sababu kitanda kimegusana na ukuta
na ukuta umeota barafu.
Jiko lao limezimika tena, najua kilio hicho.

Nachota makaa kwenye beleshi dogo.
Padri anachukua mkate na chumvi, hajaniuliza.
Tunavuka hatua nane za theluji,
makaa yanafoka kila chembe inapoyatua,
na mlango wa Nazeli ni mfupi kuliko wangu.

Ananitazama kutoka kwenye blanketi, macho mekundu.
"Mama Varsenik," anasema,
"unakaa, au unapita tu?"

Nageuza makaa jikoni mwake.
Navua viatu.