Mechi Zisizohesabiwa

Februari, wiki mbili kabla ya ligi,
nafunga cherehani saa saba kamili,
suruali ya mteja naiacha na mguu mmoja
na kushika njia ya uwanja ulio nyuma ya kambi, hapa Bombo.
Shali kichwani, kreti ya soda mkononi:
kiti changu. Jukwaa hakuna.

Watu wananiuliza, unaendea nini?
Hizo ni mechi za kujinoa tu,
haziingii kwenye jedwali, hazina kombe.
Nawajibu, kisu nakipenda kikiwa juu ya jiwe.

Mipira ipo mitatu. Mmoja nimeushona mimi
kwa uzi wa viatu,
ukipaa naujua kwa mlio, unavuma
kama nyigu aliyelewa.
Ukiangukia kwenye mihogo ya Abdulbari
mchezo unasimama. Timu zote mbili
zinainama majanini, refa naye,
kofia mkononi,
na ng'ombe wa kambi wanatuangalia
kama sisi ndio tuliopotea.

Kocha Odongkara anajaribu kila kitu.
Mdakaji kampeleka kituo cha tatu.
Mrushaji mpya, wa mkono wa kushoto,
karusha minne nje ya njia,
wa tano umempata mpigaji wa Wobulenzi ubavuni.
"Pole!" anamkimbilia,
anampulizia ubavu kama mama.
Kwenye ligi huwezi kuyaona hayo.

Daftari liko pajani. Naandika kwa penseli
nani kagonga, nani kakimbia, nani katolewa.
Watoto wananiita Mama Kalamu,
ingawa kalamu sina.

Leo nimekuja kumtafuta kumi na tisa.
Okwalinga. Mwaka jana aliupiga mpira
ukavuka mihogo, ukavuka ua wa michongoma,
ukatua kwenye karai la muuza mandazi,
na yule mama akadai mafuta yake hadi Pasaka.

Namba ipo. Mgongo siyo.
Fulana inamfika mtoto magotini,
mikono imemeza viwiko,
na begani naona uzi wangu wa buluu,
pale ilipochanika Okwalinga alipojitupa nyumbani kwa tumbo
nami nikaishona usiku uleule, bure.

Namuuliza kocha. Hanitazami.
"Yuko Dubai. Analinda mlango wa duka la saa."
Mlango.
Mkono ule, mlango.

Mtoto anasimama, gongo linamlemea.
Wa kwanza anakosa.
Wa pili anakosa, anazunguka mzima, anakaa chini;
nyuma yangu kuna anayecheka.
Wa tatu unagusa ncha tu,
unajikokota vumbini,
naye anasahau kukimbia, anautazama
kama mtu aliyebisha hodi nyumba tupu, akaitikiwa.
"Kimbia!" Nasikia sauti, kumbe ni yangu.
Kreti imeanguka. Anakimbia
huku ameikunja fulana kwa mkono mmoja isimkwaze.
Wanamtoa, zimebaki hatua mbili.

Jioni hakuna anayeuliza nani kashinda.
Mimi niliyeandika yote sikujumlisha.

"Unaitwa nani?"
"Drajole," anasema, bado anahema.
Naliandika mbele ya kumi na tisa,
taratibu, kwa penseli.
Namwambia aniletee ile fulana kesho.
Mikono nitaipunguza.
Pindo nitaliacha.