Kupima Shimo

Kwetu Keshero hewa haiaminiki.
Kuna vibonde, kina chake goti tu,
majani yake mabichi kuliko ya kwingine;
mbuzi huingia, hulala, hawaamki.
Tunayaita mazuku.
Hayana rangi, hayana harufu, hayana haraka.
Baba alinifundisha kupima:
funga mshumaa kwenye kijiti kirefu,
uteremshe polepole. Ukizimika, rudi.
Usiulize kwa nini. Rudi.

Muhindo hakupima.
Alimfuata mbuzi, asubuhi isiyo na upepo,
umri miaka kumi na mmoja, jezi ya njano.
Tangu hapo mimi napumua kama mwizi:
kidogo, juu juu, nusu ya kifua,
nikiogopa mwenye hewa asije akaniona.

Byamungu ndiye aliyetambua.
Aliosha sufuria miaka saba
katika kambi ya askari Wahindi,
na sajini mmoja, mtu wa masharubu na maneno machache,
akamwonyesha namna ya kukaa.
Yoga, alisema, basi, hakuongeza.
Hakumpa kitabu. Alimpa pumzi,
naye akarudi nayo nyumbani
kama aletaye mbegu mfukoni.

Saa kumi na moja alfajiri tunakaa
juu ya jiwe la moto wa zamani,
jiwe lililowahi kukimbia barabarani likiwaka
likameza maduka na vitanda vya watu;
sasa limetulia, linatuchoma matako kwa baridi.
“Vuta mpaka nne. Shika. Achia mpaka nane.”
Chukudu za kwanza zinapita na makala,
gurudumu la mbao linalia kwii, kwii,
nami nahesabia hapo: kwii moja, kwii mbili.
Mama Nsimire anachungulia juu ya ukuta wa mawe:
“Nyinyi, dini gani hiyo isiyo na sadaka?”
Byamungu hajibu. Bado hajafika nane.

Wiki ya kwanza niliteremsha akili yangu ndani
kama mshumaa wa baba,
chini ya koo, chini ya mbavu,
hadi kwenye kibonde cha kijani nisichokanyaga kamwe.
Ukazimika.
Nikarudi. Nilifundishwa kurudi.
Wiki ya pili, ukazimika.
Nikamwambia: ndani mwangu mna mazuku.
Akakuna kidevu.
“Mazuku hukaa pasipo upepo.
Wewe ndiye upepo. Endelea.”

Sikumwamini. Niliendelea kwa ukaidi tu.

Halafu leo, sijui nisemeje,
mlima ulikuwa mwekundu kileleni
kama sigara ya mtu asiyepata usingizi,
ziwa halikuwa na sauti,
nikafika chini na mshumaa haukuzimika.
Ulitikisika. Ukasimama.
Nikaiona jezi ya njano.
Nikamwona na yule anayeiona,
asiye na umri, asiye na hofu,
asiye mimi wala mwingine,
aliyekuwa akinipumua siku zote
nilipodhani naiba.

Nafsi. Nafasi.
Herufi moja tu imeyatenga maneno haya,
na herufi yenyewe ni mtu anayeshusha pumzi: aaa.
Miaka ishirini nimeishi bila hiyo.

Mama Nsimire anauliza kama tumemaliza,
anataka kuanika muhogo juu ya jiwe letu.
Nasogea.
Nampa nafasi.