Jiwe la Sikio

Julai yote, hapa New Bedford, nimelipwa kuwasikiliza samaki.
Si utani. Ndani ya kichwa cha chewa, chini ya ubongo,
kuna vijiwe viwili, vyeupe kama chenga za mchele,
ndivyo vinavyomwambia juu ni wapi na chini ni wapi.
Bi. Deolinda Furtado alinipa koleo, taa, hadubini,
na kitambulisho chenye picha niliyofumba jicho moja:
CATARINA TZUNUX, MWANAFUNZI WA KULIPWA.
"Pasua hapa," alisema, "polepole,
kama unafungua barua isiyo yako."

Jiwe likikatwa lina pete. Kila baridi, pete moja.
Wa kwanza nilimhesabu miaka saba, nikarudia, nane.
Bi. Deolinda akahesabu, akaandika nane na nusu, akacheka:
"Hiyo nusu utaiona ukifika Agosti."

Chini, watalii wa makumbusho huinua shingo
kutazama mifupa ya nyangumi
ambayo hadi leo inadondosha mafuta,
tone, kimya, tone.
Juu, kwenye chumba kisicho na dirisha,
sisi watano wa sekondari tunanuka shombo
kwa dola kumi na sita kwa saa.

Mama hupata kumi na tano na nusu.
Kiwandani, ng'ambo ya daraja, zamu ya saa kumi alfajiri:
kisu, mkanda unaotembea,
kiwiliwili huku, kichwa kule.
Miaka kumi na moja.
Vichwa vyote pipani.

Hundi yangu ya kwanza niliificha chini ya godoro
kama kitu cha wizi.
Sikio halipiti kichwa, nilijiambia.
Lakini senti hamsini ni senti hamsini.

Siku ya nne aliikuta akitandika. Hakusema neno.
Jioni alirudi na mfuko wa plastiki, akautua mezani,
ukavuja: vichwa sita.
"Nionyeshe," alisema kwa Kikiche,
ambamo sijui hadubini inaitwaje.

Tulikuwa na lenzi ya kuazima na taa ya jiko.
Nilipasua vibaya, jiwe likasagika.
Akaninyang'anya kisu.
Pigo moja, safi, na kijiwe kikatoka kizima
kikakaa kwenye ncha ya kidole gumba chake,
kile chenye kovu.
Bi. Deolinda mwenyewe hapasui hivyo.

Tulikivunja kati, tukakiunguza kidogo kwa moto wa jiko
ili pete zikolee.
Mama akahesabu kwa sauti, akapotea, akaanza upya.
Tisa.
Akanyamaza muda mrefu kiasi cha maji kuchemka na kumwagika.

"Kumbe," akasema, "miaka yote hii
nimekuwa nikitupa vyeti vya kuzaliwa."

Kisha akanawa mikono, akaivuta ile hundi,
akaisoma mbele na nyuma.
"Kazi ya nyumbani wanalipa?"
Sijui, Mama.
"Waandikie saa mbili.
Moja yako, moja yangu."