Kikohozi cha Kilembe

Naandika nyuma ya risiti za saruji,
maana daftari liliondoka na Nyamwamba.
Mto ule haukubisha hodi usiku ule;
ulibeba picha ya baba, kofia yake ya mgodini
na kuku wawili wa jirani.

Baba alikuwa na kikohozi cha peke yake:
kimoja kirefu, viwili vifupi,
kisha jina langu. "Kabugho, maji."
Nimejaribu kukitia vina. Kimegoma.

Jana nilisahau ni mkono upi
uliokosa kidole.
Nikampigia Masika. Wa kushoto, akasema.
Thembo akaapa ni wa kulia.

Nimeyaandika majibu yote mawili,
na katikati yake nimeacha nafasi,
upana wa kidole.