Sentimita Kumi na Mbili

Lenzi hii haitaki haraka.
Sentimita kumi na mbili, basi:
nikisogea anaruka, nikirudi ni ukungu.
Nimepiga magoti kwenye tope la Olomouc,
kiwiko juu ya ndoo iliyopinduliwa,
pumzi nimeibana kama mwizi chini ya kitanda.

Kwangu ua ni la lavenda.
Kwa jirani, Bwana Hrubeš, ua ni wa mbao,
na kati ya ua na ua
yeye anaua:
viwavi, mmoja mmoja, kwa kidole gumba,
akihesabu kwa sauti. Arobaini na moja.
Arobaini na mbili.
Kabichi zake zimekuwa chekecheke.

«Jarmila, mpige picha huyo mama yao mlafi.
Nitaibandika mlangoni mwa banda:
ANATAFUTWA.»

Nikampelekea, kubwa kama sinia.
Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.
Unga wa bawa, kigae juu ya kigae.
Ulimi umejizonga kama spiringi ya saa.
Jicho la kijani, lina vidoa,
halimtazami yeyote.

«Na mbingu hii,» akauliza, «ulisubiri siku gani?
Wiki nzima kulikuwa na mawingu.»

Nikamwambia si mbingu.
Ni shati lako, Hrubeš. Ulikuwa umeinama nyuma yake.

Hakubandika kitu.
Kesho yake akaja na shati lilelile, limepigwa pasi,
akasimama palepale, wima, mikono mfukoni,
mpaka nikamaliza.
Kisha akahamia tuta la pili.
Arobaini na tatu.