Papa wa Fahal

Mama alinipigia simu alfajiri:
"Huko Fahal kuna papa, Raya. Wana meno."
Na mimi nina mtungi, na saa moja ya hewa.

Mita kumi na nne. Sikio likalia pwi, likatulia.
Nikajisikia navyopumua, kama mwenye pumu.
Haitham akasimamisha kiganja juu ya kipaji,
ndiyo ishara yao,
moyo ukanipanda kooni, ukakaa.

Akaja.
Ncha ya pezi nyeusi, kama kaichovya winoni.
Jicho la paka.
Mapovu yangu yalipomfikia
akashtuka, akageuka,
pigo moja la mkia, hayupo.
Kumbe mtishaji ni mimi.

Alasiri, sokoni Matrah,
wenzake kumi na tisa wamelazwa sakafuni,
kijana anawamwagia maji kwa kopo la maziwa
wasikauke kabla ya bei.

Nyumbani Mama kapika:
papa mkavu kwa nazi na bilingani,
Unguja nzima imejaa jikoni mwetu Al Khoudh.
"Alhamdulillahi," akasema, "hawakukula."
Akanipakulia.

Nikautazama mnofu, mweupe, kimya.
Na huyu je,
alfajiri ile nani alimwonya?